Ubongo Hulalamika Kabla ya Mdomo: Mawimbi ya Kichwani na Mguso wa Uhalisia Pepe

Ukivaa miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayokuingiza katika ulimwengu wa kompyuta, siku hizi macho hayana malalamiko makubwa. Ukuta unaonekana ukuta, na hatua za mtu anayepita nyuma yako zinasikika kweli kutoka nyuma yako. Shida huanza unaponyoosha mkono. Kikombe kipo, unakiona, vidole vya kuchorwa vimekizunguka, ila vidole vyako vya nyama vimeshika hewa. Badala ya kikombe unapata mtetemo mdogo wa rimoti ya mkononi, uleule utakaoupata ukigusa jiwe, pazia au bega la mtu.

Wahandisi wanaijua shida hii tangu zamani, na dawa wanayoikimbilia ni kuongeza: mota zaidi, glavu nzito zaidi, umeme kidogo kwenye misuli. Lakini kuna watafiti waliogeukia upande mwingine. Wao wanampima mtumiaji mawimbi ya ubongo wakati anagusa, kisha wanauacha ubongo huo useme kama mguso ulikuwa sawa au la. Habari hii ikifika mitaani hugeuka kuwa "kompyuta inasoma mawazo", na hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Hakuna wazo linalosomwa. Kinachosomwa ni kitu kidogo zaidi, na kwa maoni yangu kinavutia zaidi: mshtuko.

Kwa nini mguso umebaki nyuma

Macho mawili yamekaa mahali pamoja. Ukiyawekea skrini mbele, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Ngozi imetanda mwili mzima, tena ina ubishi wake: ukiisukuma meza, meza nayo inakusukuma. Kuigiza jambo hilo kunataka kitu cha kuuzuia mkono, na hewa haizuii.

Juu ya hapo, katika ncha ya kidole kuna vipokezi vya aina nne vinavyogawana kazi. Vya Merkel hufuatilia shinikizo na kingo za vitu. Vya Meissner huamka kitu kinapoanza kuteleza mkononi. Vya Ruffini hufuatilia ngozi inavyovutika. Vya Pacini, vilivyozama ndani zaidi, vinapenda mitetemo ya kasi, hasa ya kati ya mara 200 na 300 kwa sekunde. Kimota cha rimoti huongea zaidi na hawa wa mwisho. Wengine huambulia kidogo au hawaambulii kitu, na kikombe halisi hakitetemeki hata mara moja.

Ndiyo maana zikabuniwa njia nyingine. Glavu zenye kamba au mifuko ya hewa huvibana vidole. Kuna pia kusisimua misuli kwa umeme: elektrodi, yaani vibandiko vya kupitisha umeme, huwekwa kwenye kigasha (kati ya kiwiko na kiganja), mkondo mdogo unapitishwa, misuli inakaza, na mkono unajivuta wenyewe kana kwamba umekutana na kitu kigumu. Mtu aliyejaribu mara ya kwanza hucheka, kwa sababu mkono wake umefanya jambo ambalo hakuuamuru.

Sasa, ungetarajia kila kinachoongezwa kiongeze uhalisia. Mwaka 2018 Christopher Berger na wenzake wa Microsoft walichapisha katika jarida la Science Robotics matokeo yanayoukataa mwelekeo huo. Mguso ulipoboreshwa bila kulingana na kile macho yanachokiona, watu waliuona ulimwengu ule kuwa wa uongo zaidi, si wa kweli zaidi. Mtetemo wa kawaida ambao haujidai kitu ulivumilika kuliko mguso wa hali ya juu usio na sababu inayoonekana. Macho yalipopewa kitu cha kuueleza mguso ule, uhalisia ulirudi.

Ukiyatafakari matokeo hayo, swali linahama. Wingi wa mguso unapungua uzito, na kulingana kwake na matarajio ya mtu kunakuwa jambo kuu. Na matarajio hayo yamefichwa ndani ya fuvu.

Ubongo hausubiri habari

Jaribu kujitekenya. Haiwezekani, au ikiwezekana ni kidogo tu. Mwaka 1998 Sarah-Jayne Blakemore, Daniel Wolpert na Chris Frith, waliokuwa London, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mguso unaojitia mwenyewe huamsha kidogo maeneo ya hisi kuliko mguso uleule ukitoka kwa mwingine. Maelezo yao ni kwamba ubongo unapoutuma mkono kazini, hutengeneza pia nakala ya amri ile na kuitumia kubashiri mkono utahisi nini, lini na wapi. Kinachokuja sawasawa na ubashiri kinapunguzwa sauti. Kinachokwenda kombo kinapita na kelele zake zote.

Ubashiri huu ni wa lazima kwa sababu habari za mwilini hazifiki papo hapo. Mshtuko mdogo wa umeme ukipigwa kwenye kifundo cha mkono, alama yake ya kwanza kwenye gamba la ubongo, tabaka lake la nje, huonekana baada ya takriban milisekunde 20 (sekunde moja ina milisekunde 1,000). Mkono ulioko safarini ukisubiri kila taarifa ifike, ichambuliwe na kujibiwa, kikombe kitakuwa kimeshadondoka. Kwa hiyo ubongo unakwenda mbele ya habari, kisha unalinganisha.

Kulinganisha huko huacha alama ya umeme, na ndiyo inayowindwa hapa.

Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, alirekodi mawimbi ya ubongo wa binadamu juu ya ngozi ya kichwa kwa mara ya kwanza mwaka 1924 na kuyachapisha mwaka 1929. (Si ndugu wa Berger wa Microsoft, nijuavyo, ni majina tu yamegongana.) Kipimo hicho ndicho kinachoitwa EEG hospitalini, na hutumika sana kwa wagonjwa wa kifafa. Miongo mingi baadaye watafiti waligundua kwamba ndani ya mawimbi hayo kuna mabadiliko madogo yanayofungamana na tukio mahususi. Mwaka 1978 Mfini Risto Näätänen na wenzake walieleza badiliko hasi, yaani umeme unaoelekea upande wa hasi, linalotokea sauti ngeni inapoingia katikati ya mfululizo wa sauti zinazofanana, hata msikilizaji akiwa hajali. Miaka ya mwanzo ya 1990 makundi mawili, moja Ujerumani na jingine Marekani, yalieleza badiliko jingine hasi linalotokea mara tu mtu anapobonyeza kitufe kisicho sahihi, karibu wakati uleule wa kubonyeza.

Jamii hiyo ya mawimbi huonekana zaidi katikati ya kichwa, kuelekea mbele kidogo. Asili kubwa ya lile la makosa inadhaniwa kuwa sehemu ya ndani ya ubongo, kwenye ukuta wa kati unaotenganisha pande mbili, ambayo kazi yake mojawapo ni kufuatilia makosa na migongano. Ukubwa wa mawimbi haya ni mikrovolti chache tu, yaani sehemu chache za milioni za volti. Kumbuka tarakimu hiyo, tutairudia.

Mchemraba uliowahi

Mwaka 2019 kundi lililowahusisha Lukas Gehrke na Klaus Gramann wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, pamoja na Pedro Lopes wa Chuo Kikuu cha Chicago, liliwasilisha jaribio ambalo nalipenda kwa wepesi wake. Mshiriki alivaa kofia ya EEG, juu yake miwani ya uhalisia pepe. Mbele yake ulitokea mchemraba. Kazi ilikuwa moja: nyoosha mkono uuguse. Ukiugusa, mfumo unakupa jibu.

Jibu hilo lilikuwa la viwango vitatu. Katika cha kwanza macho tu ndiyo yaliyoarifiwa. Katika cha pili uliongezwa mtetemo kwenye kidole. Katika cha tatu vilikuwapo vyote hivyo pamoja na umeme wa kusisimua misuli ya kigasha. Mara nyingi jibu lilikuja kidole kilipofika hasa kwenye uso wa mchemraba. Lakini mara mojamoja, bila taarifa, watafiti waliuhujumu mguso: jibu lilikuja mapema, kidole kikiwa bado njiani.

Fikiria lilivyo dogo kosa lenyewe. Hakuna kilichoanguka wala kulipuka. Mguso umewahi tu, na kidole kimeambiwa "umefika" kikiwa hakijafika. Mawimbi ya ubongo yaliachana palepale: baada ya mguso uliowahi lilitokea badiliko hasi ambalo kwenye mguso wa kawaida halikuwa na nguvu hiyo, na lilitokea ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, muda ambao mtu hajapata hata nafasi ya kusema "hapana".

Umuhimu wa jambo hili huonekana ukijua wabunifu wa uhalisia pepe hupima vipi kazi yao. Wanatumia hojaji. Mtu anacheza, anavua miwani, anapewa karatasi au skrini yenye maswali ya aina hii: kutoka 1 hadi 7, ulijisikia uko pale kiasi gani? Hojaji ina kasoro mbili ambazo ni ngumu kuzitibu. Kwanza, ili uulize kuhusu ndoto ni lazima umwamshe mwotaji, na akishaamka jibu lake ni kumbukumbu. Pili, jibu moja hubeba dakika kumi nzima. Halisemi ni mguso upi, wa sekunde ipi, uliomkera. Wimbi la ubongo linajibu kuhusu mguso mmoja, mara tu ulipotokea, na mchezo haukusimama.

Mahali ambapo mambo huwa magumu

Sasa turudi kwenye mikrovolti. Kope ikipepesa, elektrodi za mbele huona volti ndogo inayozidi wimbi la kosa mara kumi na zaidi. Ukikaza taya, ukigeuza shingo, ukikunja paji la uso, misuli nayo inarusha umeme. Mkanda wa miwani unakandamiza elektrodi zilezile zinazohitajika. Na ule umeme wa kusisimua misuli ya mkono, uliowekwa makusudi, nao unaingia kwenye rekodi. Ndiyo maana kwa miaka mingi washiriki wa EEG waliambiwa wakae kama picha, macho kwenye nukta moja. Gramann ni miongoni mwa waliosukuma utafiti wa kupima ubongo wa mtu anayetembea na kunyoosha mkono, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, isiyo na sifa sana, ni hesabu za kuchuja kelele hizo za umeme.

Njia ya zamani ya kuishinda kelele ni kurudia tukio na kupiga wastani. Kelele hufutana yenyewe kwa yenyewe, wimbi linabaki. Ila faida yake hupanda polepole: ukirudia mara 100 kelele inapungua mara 10 tu. Kwa makala ya kisayansi inatosha. Kwa mfumo unaotaka kurekebisha glavu wakati mtu ameivaa, haitoshi, kwa kuwa hutamwambia aguse kikombe mara mia ndipo ujue cha kwanza kilikosea. Kwa hiyo programu ya kung'amua hufundishwa: inaonyeshwa mifano ya miguso iliyokwenda vizuri na iliyokwenda kombo, inajifunza tofauti zake, kisha inakisia mguso mmoja mmoja. Hukosea. Inapopatia zaidi ya kubahatisha, kwa kiwango kinachoeleweka, tayari ina kazi ya kufanya.

Kuna ugumu mwingine ambao teknolojia haiutatui. Wimbi hili linasema "sikutarajia", halisemi "sikupenda", wala halisemi kosa lilikuwa lipi. Mtetemo uliochelewa, uliozidi nguvu, uliokuja kidole kisicho chake: vyote vinaweza kutoa mshangao. Hata zawadi inashangaza. Na ubongo ni mwepesi wa kuzoea. Mlishe mguso uliowahi mara nyingi mfululizo, ubashiri wake utahama, na kesho mguso sahihi ndio utakaoonekana mgeni. Anayetumia kipimo hiki lazima makosa ayapange yawe machache, la sivyo anapima mazoea aliyoyatengeneza mwenyewe.

Mduara unafungwa

Ukishakuwa na programu inayokisia "sawa" au "si sawa", hatua inayofuata inajileta. Mpe akili unde ukisio huo kama alama, uiache irekebishe mguso. Mbinu yake huitwa kujifunza kwa tuzo: programu inajaribu chaguo, inapata alama, inaongeza yale yaliyotuzwa na kuacha yaliyoadhibiwa. Ndiyo njia iliyotumika kuzifundisha kompyuta kucheza bao la chesi na michezo ya video. Tofauti ni kwamba hapa anayetoa alama ni ubongo wa mtu ambaye hajui kuwa anatoa.

Mwaka 2025 Gehrke na wenzake walieleza mfumo wa aina hiyo. Washiriki walishughulika na vitu vya uhalisia pepe huku EEG ikirekodiwa, na programu ya kujifunza ikabadilisha mguso. Upande mmoja iliongozwa na alama ambazo mtu alizitoa mwenyewe, waziwazi. Upande mwingine iliongozwa na programu ya kung'amua mawimbi. Matokeo: programu ilifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana pande zote mbili. Programu ya kung'amua ilipata F1 ya wastani ya 0.8.

F1 hiyo isichukuliwe kuwa "asilimia 80 sahihi". Ni kipimo kinachochanganya maswali mawili: ilipodai kuna kitu, ilikuwa kweli mara ngapi; na kilipokuwepo kweli, ilikikamata mara ngapi. Moja ni ukamilifu. Nane katika kumi ni nzuri kwa kitu kinachosomwa kupitia mfupa, ngozi na nywele, ingawa kwa breki za gari usingekubali. Kwa mguso wa mchezo unakubali, kwa sababu programu inayojifunza haitegemei alama moja. Kosa la hapa na pale linamezwa na miguso inayofuata.

Na nadhani neno "kinachokaribiana" ndilo linalostahili kupigiwa mstari. Ubongo haukushinda mdomo. Ulifikia karibu na ulichosema mdomo, bila kumsumbua mwenye mdomo. Wapo wanaotangaza teknolojia hii kana kwamba inajua usichokijua kuhusu wewe. Faida iliyoonyeshwa hadi sasa ni ya kiasi: huulizwi.

Pia haurekebishwi mguso ule uliokukera. Wimbi likishaonekana, likakokotolewa na kukisiwa, kidole kimeshapita. Kinachorekebishwa ni mguso wa baadaye, na hasa mazoea ya mfumo kwako wewe: unapenda mtetemo wa nguvu gani, unavumilia kucheleweshwa kwa milisekunde ngapi, umeme wa misuli unakusaidia au unakuudhi. Watu wanatofautiana sana hapo. Mpangilio mmoja wa kiwandani hauwezi kuwatosha wote.

Kusoma ni kimoja, kuandika ni kingine

Mara nyingi utafiti huu unawekwa kapu moja na ule wa kuupa ubongo mguso moja kwa moja. Ni vitu viwili. Katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, Nathan Copeland, aliyepooza baada ya ajali ya gari, alipandikizwa elektrodi ndani ya gamba la ubongo, zikiwemo za eneo linalopokea hisi za mkono. Umeme ukipitishwa humo, anahisi kidoleni. Mwaka 2021 katika jarida la Science watafiti walieleza kwamba alipopewa mguso wa namna hiyo huku akiuendesha mkono wa roboti kwa ubongo, muda wa kati wa kumaliza kazi ulishuka kutoka sekunde 20.9 hadi 10.2.

Hiyo ni kuandika ndani ya ubongo, na inahitaji upasuaji. EEG inasoma tu, kutoka nje, na haitii hisia yoyote. Mguso bado unatoka kwenye mota, glavu au misuli. Mtu anayekuahidi kuhisi hariri kwa kuvaa kofia ya EEG anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hata kusoma tu kuna maswali yake. Rekodi ya EEG iliyochukuliwa ili kurekebisha mtetemo inabaki kuwa rekodi ya EEG, na mwenye nayo anaweza baadaye kuitafutia mengine, kama uchovu, umakini au dalili za ugonjwa. Chile ilibadilisha katiba yake mwaka 2021 ili kulinda shughuli za ubongo, na mwaka 2023 Mahakama yake ya Juu iliiamuru kampuni ya Emotiv kufuta data za ubongo za mlalamikaji aliyekuwa amenunua kifaa chake. Jimbo la Colorado na lile la California, Marekani, yaliziingiza data za neva katika sheria zao za faragha mwaka 2024. Mapendekezo ninayoyaona ya busara ni kwamba mawimbi yachakatwe ndani ya kifaa chenyewe na kutupwa, litoke jibu pekee: sawa, si sawa.

Itakapoanzia

Sioni ikianzia sebuleni. Kofia nzuri za maabara bado zinataka jeli kwenye nywele na muda wa kuzifunga, na elektrodi kavu, ambazo hazihitaji jeli, zinapokea kelele zaidi mtu anapojitikisa. Zipo juhudi za kuviunganisha vitu hivi, kama kifaa cha Galea cha kampuni ya OpenBCI, chenye vihisio vya ubongo, misuli na ngozi ndani ya miwani ya uhalisia pepe, lakini wanaokinunua ni watafiti na makampuni.

Mahali pake pa kwanza, nionavyo, ni meza ya mbunifu wa glavu. Ana matoleo mawili: moja linabana kidole baada ya milisekunde 30, lingine baada ya 60, na la pili ni rahisi zaidi kulitengeneza. Akiwauliza wajaribu kumi na wawili, watasema yote mawili ni mazuri tu. Akiwavalisha kofia, ataona kama ile milisekunde 30 ya ziada inazaa wimbi la mshangao au inapita kimya. Ikipita kimya, atengeneze lile rahisi.